Kafeini ya Majani ya Chai: Kuitoa ni Kazi Moja, Kuipima ni Nyingine

Mabibi na mabwana, walimu wa kemia, mafundi wa maabara, na nyinyi wanafunzi mlioketi mbele na madaftari yenu, hamjambo.

Naomba nianze na swali linalozuka kila zoezi hili linapofanyika. Tumechemsha gramu 10 za majani ya chai, tumetoa kafeini, tumepima fuwele na mizani imesoma miligramu 180. Je, chai hii ina kafeini asilimia 1.8? Hapana. Miligramu 180 ni kile kilichofika mwisho baada ya kupita kwenye hatua nyingi. Kafeini fulani imebaki ndani ya majani, nyingine imebaki kwenye maji, nyingine imeganda kwenye kuta za vyombo. Na katika hizo 180 zenyewe, sehemu fulani si kafeini hata kidogo. Chai hiyohiyo ikipimwa sawasawa inaweza kuwa na asilimia 3.

Kwa hiyo ninalowaomba mlishike leo ni hili: kila hatua ya kazi hii hukosea kwa upande wake. Zipo zinazopunguza jibu na zipo zinazolizidisha. Makosa hayo yanaweza hata kufutana yakatoa tarakimu inayopendeza, na hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko zote, kwa sababu hakuna atakayeishuku. Nitapita hatua kwa hatua, na kila mahali nitasema kosa linaelekea wapi.

Tuijue kwanza kafeini yenyewe. Fomula yake ni C8H10N4O2, na moli moja ina gramu 194.19. Ikiwa safi ni fuwele nyeupe kama sindano, chungu, zisizo na harufu. Gramu moja huhitaji mililita 46 za maji yenye joto la kawaida ili iyeyuke. Maji yakifika nyuzi 80 za Selsiasi, mililita 5.5 zinatosha, yakichemka, ni mililita 1.5 tu. Kwenye kloroformu gramu hiyo huyeyuka katika mililita 5.5 bila kupashwa moto, na dikloromethani, kiyeyushi kingine chenye klorini ambacho ndicho tutakachotumia, haiko mbali na hapo. Lakini kwenye etha utahitaji mililita 530. Ukizitazama tarakimu hizo vizuri, mbinu nzima imo ndani yake: maji ya moto huitoa kafeini kwenye jani, na kiyeyushi chenye klorini huitoa kwenye maji yaliyopoa. Etha, ingawa ipo katika maabara nyingi, haifai.

Friedlieb Ferdinand Runge aliitenga kafeini kutoka kwenye buni mwaka 1819. Mwaka 1827 Oudry akatenga kitu kutoka kwenye chai akakiita teini, na kwa zaidi ya miaka kumi ilidhaniwa kuwa ni vitu viwili. Mwaka 1838 Mulder na Jobst, kila mmoja kwa upande wake, walionyesha kuwa ni kitu kimoja. Mpaka leo wapo wanaouliza kama teini ya chai ni laini kuliko kafeini ya kahawa. Molekuli ni ileile.

Sasa tuje kwenye sampuli, mahali ambapo wengi hupita haraka. Mchai hauna kafeini sawa mwili mzima. Chipukizi na jani la kwanza ndivyo vyenye kafeini nyingi. Kiasi hupungua kadiri unavyoshuka kwenye majani yaliyokomaa, na vikonyo vina kidogo. Ndani ya pakiti, vumbi laini huteremka chini na vipande vikubwa na vikonyo hubaki juu. Anayechota kijiko cha juu anapima vikonyo. Anayemalizia pakiti anapima vumbi. Mwaga chai yote kwenye karatasi safi, itengeneze kichuguu, igawe mafungu manne, chukua mawili yanayotazamana, yachanganye, kisha rudia mpaka ubaki na gramu 20 hivi. Saga ipite kwenye chekeche la matundu ya nusu milimita, na usage kwa vipindi vifupi ili kinu kisipate moto na kukausha sampuli kabla hujaipima. Kinachokataa kupita kwenye chekeche usikitupe. Kirudishe kinuni, maana hicho ndicho kikonyo, na ukikitupa umelipandisha jibu.

Unyevu pia unahesabika. Majani makavu ya chai bado yana maji, mara nyingi kati ya asilimia 3 na 8, na hunyonya zaidi chombo kikiachwa wazi. Chukua sehemu nyingine ya sampuli, ikaushe kwenye oveni ya nyuzi 103 mpaka uzito usibadilike tena, kisha toa jibu lako kwa uzito mkavu. Bila hivyo, sampuli moja ikipimwa siku ya mvua na siku ya jua itakupa majibu mawili. Usichukue ile iliyokaushwa ukaichemshe. Itumie kwa unyevu tu.

Tuingie kwenye kutoa. Kwa zoezi la kupata fuwele, kipimo kinachofanya kazi vizuri ni gramu 10 za majani, gramu 10 za kabonati ya sodiamu isiyo na maji, na mililita 100 za maji. Chemsha polepole dakika 15 hadi 20, chombo kikiwa kimefunikwa kwa kioo cha saa ili maji yasipungue.

Kabonati hiyo inafanya nini? Nimesikia ikifundishwa kwamba inaifungua kafeini kutoka kwenye chumvi yake. Sivyo. Kafeini ni besi dhaifu mno, na kwenye chai haikai kama chumvi. Kazi ya kabonati inahusu polifenoli, zile ambazo wengi tumezoea kuziita tanini. Hizo zina vikundi vya haidroksili vyenye asidi kidogo, na zikibaki jinsi zilivyo, nyingine huingia kwenye kiyeyushi pamoja na kafeini. Kabonati huzigeuza kuwa chumvi za sodiamu zenye chaji, nazo zikabaki kwenye maji. Vilevile huvunja mshikamano kati ya kafeini na polifenoli. Mshikamano huo mnaujua kwa macho: chai nzito ikipoa huingia ukungu, kisha tope la kahawia hutua chini. Tope hilo limebeba kafeini. Mtu akichemsha majani bila kabonati, akaacha chai ipoe, ndipo akachuja, ameiacha kafeini kwenye karatasi ya chujio, na jibu limeshuka.

Msijaribu kuongeza nguvu kwa kutumia hidroksidi ya sodiamu kwenye maji yanayochemka. Alkali kali ya moto huishambulia kafeini yenyewe na kuivunja pete, ikageuka kafeidini. Jibu litashuka, na kosa hilo halionekani kwa macho. Kwa upande mwingine, kabonati ya kalsiamu inayotajwa katika maelekezo mengine huyeyuka kidogo mno. Inasaidia, lakini si kwa kiwango cha ile ya sodiamu.

Chuja ikiwa bado moto. Halafu kumbukeni kwamba majani yamenyonya maji. Gramu 10 za majani zinaweza kushikilia karibu mililita 30 za myeyusho, na myeyusho huo una kafeini kama ule uliochuruzika. Ukiacha majani hivyo, karibu theluthi ya kafeini yako imeingia kwenye ndoo ya taka. Yaoshe mara mbili kwa mililita 25 za maji ya moto, yakamue kwa kijiti cha kioo, na uchanganye maji hayo na yale ya kwanza. Nikiulizwa ni hatua gani moja inaleta tofauti kubwa zaidi kwa anayeanza, nitataja hii.

Poza mpaka chini ya nyuzi 20. Hapa sitaki mzaha wowote. Dikloromethani huchemka kwenye nyuzi 39.6. Ukiimimina juu ya chai ya moto ndani ya funeli ya kutenganishia iliyofungwa, itachemka palepale na kufyatua kizibo. Hata chai ikiwa baridi, mvuke hujijaza ndani. Geuza funeli, mdomo wake ukielekea ndani ya kabati la kufyonza mvuke mbali na nyuso za watu, na ufungue koki mara kwa mara. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo hutua na kutambaa chini. Mwilini, sehemu yake hugeuzwa kuwa kaboni monoksaidi. Na glavu za nitrili, hizo za samawati ambazo tunaziamini, hupenywa na dikloromethani ndani ya dakika chache. Ikimwagikia glavu, ivue mara moja, usisubiri kumaliza hatua.

Marekani ilitoa kanuni mwaka 2024 zinazopiga marufuku matumizi mengi ya kiyeyushi hiki, ingawa maabara zinaruhusiwa kwa masharti ya ulinzi. Shule isiyo na kabati la kufyonza mvuke isikiguse. Badala yake kuna ethili asetati. Hiyo ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo itakaa juu; huchemka kwenye nyuzi 77; hushika moto kwa urahisi, basi hakuna mwali wa moto karibu. Huvuta kafeini kwa nguvu ndogo zaidi, kwa hiyo vuta mara nyingi zaidi, na kiasi fulani huyeyuka ndani ya maji yenyewe. Pia usiiweke kwenye myeyusho wa kabonati ulio moto, maana itavunjika kuwa asetati na ethanoli.

Turudi kwenye funeli. Mimina chai iliyopoa, ongeza mililita 30 za dikloromethani. Sasa mkono wa mtu aliyezoea kazi nyingine utataka kutikisa kwa nguvu. Usitikise. Zile chumvi za polifenoli hufanya kazi kama sabuni. Ukitikisa, tabaka mbili zitachanganyika zikawa utelezi wa rangi ya maziwa na kahawia usiotaka kutengana, na ndani yake kuna kiyeyushi chenye kafeini yako. Zungusha funeli taratibu au ilaze na kuiinua, dakika tatu hadi tano, ukitoa mvuke kila baada ya mizunguko michache. Utelezi ukitokea licha ya tahadhari, ongeza gramu 5 za chumvi ya kawaida, zungusha polepole, kisha iache itulie dakika kumi. Ukikataa bado, pitisha tabaka lile kwenye pamba ya kioo, au lizungushe kwenye mashine ya sentrifuji kwa dakika tano. Anayekata tamaa na kuumwaga utelezi amelishusha jibu. Anayeuruhusu uteremke na tabaka la chini amelipandisha.

Dikloromethani ina msongamano wa gramu 1.33 kwa mililita, basi iko chini. Iteremshe kwenye chupa, kisha rudia kwa mililita 30 mpya, jumla mara tatu. Ukipata shaka, dondosha tone la maji kutoka juu uone linaishia tabaka gani. Na usimwage tabaka lolote mpaka fuwele ziwe mkononi.

Kwa nini tunavuta mara tatu kwa mililita 30, si mara moja kwa 90? Tufanye hesabu. Tuchukulie kafeini inagawanyika kati ya dikloromethani na maji kwa uwiano wa 9 kwa 1, na tuna mililita 100 za maji. Ukitumia mililita 90 mara moja, kinachobaki kwenye maji ni 1 gawanya kwa (1 + 9 × 0.9), yaani asilimia 11. Ukitumia mililita 30, kila mara inabaki 1 gawanya kwa (1 + 9 × 0.3), yaani asilimia 27 ya iliyokuwepo, baada ya mara tatu ni 0.27 × 0.27 × 0.27, yaani asilimia 2. Kiyeyushi ni kilekile, hasara imeshuka kutoka 11 hadi 2. Tuliosha majani, kwa hiyo maji yetu ni mengi zaidi ya mililita 100. Vuta mara ya nne, ni mililita 30 tu zaidi.

Kusanya dikloromethani yote kwenye chupa kavu, weka gramu 3 za salfeti ya sodiamu isiyo na maji, zungusha, acha dakika kumi. Chembe zikiendelea kushikamana zote kama donge, maji bado ni mengi, ongeza kidogo. Zikianza kuelea huru, imetosha. Tone la maji likibaki huleta kabonati na rangi, navyo vitapimwa kama kafeini. Salfeti ikizidi mno, hushikilia kiyeyushi. Ioshe kwa mililita 5 za dikloromethani safi. Chuja kwenye chupa iliyokwisha pimwa uzito, pamoja na kijiwe cha kutuliza mchemko ndani yake, kwa sababu kijiwe nacho kina uzito. Vukiza kwenye maji ya nyuzi 50, ndani ya kabati. Usimalizie kwenye jiko la umeme: chupa ikikauka na joto likaendelea kupanda kuelekea nyuzi 178, kafeini hugeuka mvuke bila kuyeyuka kwanza na kwenda kuganda shingoni au kutoweka kabisa.

Utakachokiona ni unga wa kijanikibichi hafifu. Hiyo rangi ni umbijani, na pamoja nao kuna nta za jani, ambazo hupenda dikloromethani kama kafeini inavyoipenda. Ndiyo maana nasema uzito huo haukupi kiasi cha kafeini. Ukitaka fuwele safi, ziyeyushe katika ethanoli ya moto kidogo iwezekanavyo na uziache zipoe taratibu, au zigeuze mvuke kwenye ombwe na kuzigandisha juu ya kidole cha kioo chenye maji baridi. Njia ya pili hutoa sindano nyeupe za kupendeza kweli. Zote mbili hupoteza kiasi. Ndiyo tabia ya kazi hii: unaposafisha, unapunguza.

Kuthibitisha kwamba umepata kafeini, pima kiwango cha kuyeyuka: kati ya nyuzi 235 na 238. Ziba mrija pande zote mbili, la sivyo sampuli itapanda juu kama mvuke kabla haijayeyuka. Ikianza kulainika kwenye nyuzi 225, bado ni chafu.

Jambo moja kabla sijaendelea. Fuwele hizi zisionjwe. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 200 kwa mara moja na 400 kwa siku. Gramu 10 zinakadiriwa kuweza kuua mtu mzima. Ncha ya kijiko ni mamia ya miligramu, na ndani yake kuna mabaki ya kiyeyushi.

Sasa kupima. Hapa lengo linabadilika: hatutaki tena kitu cha kushika, tunataka kujua kilichokuwamo. Kwa hiyo tunatumia sampuli ndogo na maji mengi, ili kisibaki kitu. Pima gramu 1.000 ya unga, weka kwenye chupa ya koni na gramu 4.5 za oksidi ya magnesi, ongeza mililita 300 za maji yaliyokaribia kuchemka, shikilia kwenye nyuzi 95 kwa dakika 20 ukizungusha mara kwa mara. Oksidi hii huzishika polifenoli na kuzigandisha, wala haiwi kali kiasi cha kuiharibu kafeini. Kiwango cha kimataifa cha kupima kafeini ya chai, ISO 10727, nacho kinategemea maji ya moto na oksidi ya magnesi kabla ya kromatografia, mbinu ya kutenganisha vitu vilivyochanganyika. Poza, hamishia kwenye flaski ya ujazo ya mililita 500, jaza mpaka alama ukiwa kwenye nyuzi 20, tikisa, acha itulie, chuja, na utupe mililita 20 za kwanza. Mashapo yanachukua nafasi kidogo ndani ya flaski na kulipandisha jibu, lakini chini ya asilimia moja ya thamani yake. Kwa kazi nyingi hilo linavumilika.

Mwenye spektrofotometa, kifaa kinachopima mwanga unaofyonzwa na myeyusho, atafurahi kusikia kwamba kafeini hufyonza sana mwanga wa urujuanimno kwenye nanomita 273. Miligramu 10 kwa lita katika kuveti, kile kikombe kidogo cha kuwekea myeyusho, ya sentimita moja hutoa ufyonzaji wa karibu 0.5, sehemu ambayo kifaa husoma vizuri. Lakini kuveti iwe ya kwatsi. Plastiki na kioo cha kawaida huuzuia mwanga huo, na kifaa kitasoma ukuta wa kuveti. Na hapa ndipo penye mtego mkubwa kuliko wote wa somo hili. Katekini, ambazo ni polifenoli za chai, hufyonza mwanga karibu na nanomita 278, asidi ya galiki nayo iko jirani, na ndani ya jani polifenoli ni nyingi kuliko kafeini kwa mbali. Anayechukua chai ya kikombe, akaizimua kwa maji na kuisoma kwenye 273, hajapima kafeini. Amepima jumla ya vyote, na jibu linaweza kuwa maradufu au zaidi. Matokeo ya namna hiyo yanaenea sana, na mengi ya madai kwamba chai fulani ina kafeini asilimia 6 au 8 yangekoma kama watu wangesafisha kabla ya kusoma.

Basi safisha. Chukua mililita 20 za ule myeyusho wa oksidi ya magnesi, ambao tayari ni wa alkali, vuta mara nne kwa mililita 20 za dikloromethani, pitisha kila fungu kwenye salfeti ya sodiamu, na ujaze flaski ya mililita 100. Soma karibu na nanomita 275, maana kilele husogea kidogo kwenye kiyeyushi hiki, dhidi ya dikloromethani iliyopitia hatua zilezile bila chai. Kuveti iwe na kifuniko. Kiyeyushi kikivukiza ukiwa unasoma, jibu hupanda mbele ya macho yako. Usisome namba moja tu. Chora wigo, yaani ufyonzaji kwenye kila nanomita kutoka 245 hadi 350. Kafeini safi haina kitu baada ya 310. Mstari ukibaki juu hapo, kuna uchafu umepita.

Myeyusho rejea, ule wenye kiasi cha kafeini unachokijua na wa kulinganishia sampuli, uandae kwa kafeini isiyo na maji, iliyokaushwa kwenye nyuzi 80 kwa saa nne. Kafeini iliyoganda kutoka kwenye maji hubeba maji ndani ya fuwele, hadi asilimia 8.5 ya uzito. Ukiipima kana kwamba ni kavu, kila sampuli yako itaonekana kuwa na kafeini zaidi ya iliyo nayo. Tengeneza viwango vya miligramu 4, 8, 12, 16 na 20 kwa lita, vyote ndani ya dikloromethani, usivitengeneze kwa maji.

Mfano wa hesabu. Grafu rejea ina mwinamo wa 0.0500 kwa kila miligramu kwa lita na inakata mhimili kwenye 0.002. Sampuli imesoma 0.580. Toa 0.002, gawanya kwa 0.0500, unapata miligramu 11.56 kwa lita. Katika mililita 100 ni miligramu 1.156, nazo zilitoka kwenye mililita 20. Zidisha kwa 500 gawanya kwa 20: miligramu 28.9 kutoka gramu moja ya chai, yaani asilimia 2.89. Unyevu ulikuwa asilimia 6.0, kwa hiyo gawanya kwa 0.94: asilimia 3.07 kwa uzito mkavu.

Mwenye mashine ya kromatografia ya kimiminika hana haja ya dikloromethani. Pitisha myeyusho kwenye chujio la maikromita 0.45, ingiza maikrolita 10 kwenye safu ya C18, yaani mrija uliojazwa chembe za silika zinazotenganisha vitu, wa milimita 250 kwa 4.6, metanoli sehemu 30 na maji 70, mililita moja kwa dakika, soma kwenye 273. Theobromini na theofilini ni ndugu wa kafeini waliomo pia kwenye chai: theobromini hutoka kwanza, kisha theofilini, kisha kafeini, kila moja na kilele chake. Chai yenye asilimia 3 itatoa karibu miligramu 60 kwa lita, basi viwango viwe kati ya 10 na 100. Myeyusho huu una alkali, na silika ya safu haipendi pH iliyozidi 8. Weka safu ndogo ya ulinzi mbele na uibadilishe mapema. Kilele kikianza kupanuka au kuwa na mkia, tatizo liko kwenye safu, na eneo lake halitegemewi tena.

Mashine yoyote utakayotumia, fanya majaribio mawili ya ukaguzi. La kwanza, ongeza miligramu 15 za kafeini safi kwenye gramu moja ya chai kabla ya kumimina maji ya moto, na uone kama zinarudi. Zikirudi asilimia 97 hadi 103, hatua zako hazipotezi wala hazizidishi. Lakini jaribio hilo lina upofu wake: kafeini uliyoongeza iko nje ya jani, ile ya asili iko ndani ya seli. Kwa hiyo la pili, chukua mashapo yaleyale, yachemshe upya kwa maji mapya, upime. Ikitoka chini ya asilimia moja ya ile ya kwanza, jani limetoa yote. Ikitoka zaidi, saga laini zaidi au ongeza muda.

Mwisho ni namna ya kuandika. Msiandike "kafeini asilimia 3" mkaishia hapo. Andikeni 3.07 kwa uzito mkavu, unyevu wa sampuli asilimia 6.0, wastani wa vipimo vitatu na tofauti kati yake, njia iliyotumika, asilimia ya kafeini iliyorudi kwenye jaribio la kuongeza, na kama mmelirekebisha jibu kwa asilimia hiyo au hamkulirekebisha. Na kama mlichofanya ni kupima fuwele kwenye mizani, kiandikeni hivyohivyo: fuwele ghafi miligramu 180 kutoka gramu 10 za majani.